Grili ya peleti: namna ya kufanya joto litulie

Ukinunua grili ya peleti, yaani jiko la umeme la kuchomea nyama linalokula vijiti vifupi vya unga wa mbao uliogandamizwa, kila mtu anakwambia hii ni kama oveni, weka namba nenda kalale. Basi unaweka digrii 110 za Selsiasi, unavuta kiti unakaa mbele ya skrini, mara 118, mara 99, mara 126, inarudi 104, roho inakudunda, unabonyeza juu, unabonyeza chini, unafungua mfuniko uone kuna nini humo ndani, na hapo sasa ndo unaiharibu kabisa manake kabla ya hapo ilikuwa inafanya kazi yake vizuri tu. Mi nilifanya hivyo mwezi mzima wa kwanza. Nikaamini kabisa nimeuziwa kimeo. Kumbe mashine nzima, tatizo majivu, peleti zenye unyevu na mikono yangu, na hiyo mikono ndo ilikuwa tatizo kubwa kuliko yote.

Kwanza ujue joto linatoka wapi

Pembeni kuna tangi la peleti. Chini ya tangi kuna skrubu ndefu kama ile ya mashine ya kusagia nyama, mota ndogo inaizungusha polepole, inasukuma peleti mpaka zinadondoka kwenye kikombe cha moto, na hicho kikombe ni kidogo kuliko unavyodhani, kinakaa kwenye kiganja. Ndani ya kikombe kuna kijiti cha umeme kinachopata moto mpaka kuwa chekundu, kazi yake kuwasha peleti dakika chache za mwanzo tu, moto ukishika kinazimwa na kazi inabaki kwa feni inayopuliza hewa kupitia matundu ya kikombe. Juu ya kikombe kuna bati la kutawanya joto, juu yake trei ya kupokea mafuta, juu yake wavu wa kuwekea nyama. Na kwenye ukuta wa ndani, mara nyingi upande wa tangi, kuna kijiti kingine chembamba cha chuma, hiyo ndo sensa. Kontrola, ule ubongo wa umeme wenye skrini na vitufe, inasoma sensa afu inaamua skrubu izunguke sekunde ngapi na ipumzike sekunde ngapi. Hamna kingine.

Sasa fikiria kuni. Ukisukuma ukuni jikoni chungu hakichemki saa hiyo hiyo, ukuni lazima ushike kwanza, na hata ukiuvuta nje chungu bado kinaendelea kutokota kwa muda. Grili nayo ni hivyo hivyo, inaagiza peleti sasa, joto lake linafika kwenye sensa dakika kadhaa baadaye, kwa hiyo namba lazima ipande kidogo juu ya ulichoweka na ishuke kidogo chini yake. Joe Traeger, yule jamaa wa Oregon kule Marekani aliyepata hataza ya grili hizi mwaka 1986, wazo alilitoa kwenye stovu za peleti za kupashia nyumba joto, na kwa miaka mingi kontrola zake zilikuwa na nafasi tatu tu, kidogo, kati, kali, basi, na watu walipika nyama ikaliwa. Zikaja zenye namba za joto, ambazo kuyumba digrii 10 mpaka 15 za Selsiasi juu na chini ni jambo la kawaida. Siku hizi nyingi zina kontrola ya PID, hiyo haiangalii tu joto liko wapi, inaangalia pia linaelekea wapi na kwa kasi gani, ndo maana inaweza kukaa ndani ya digrii 3 au 5 siku tulivu.

Kwa hiyo kabla hujalalamika jua una kontrola ya aina gani. Na ujue pia nyama haisomi skrini. Inachosikia ni wastani wa joto la saa nzima, grili inayocheza kati ya 100 na 120 inapika karibu sawa na iliyotulia 110. Kinachokuumiza ni joto linaloshuka lisirudi, au linalopanda likagoma kushuka, hizo ndo dalili za ugonjwa.

Halafu kama skrini yako inasoma Farenhaiti, zishike hizi nne tu kichwani: 225 ni 107 za Selsiasi, 250 ni 121, 275 ni 135, 350 ni 177.

Hatua ya 1: toa majivu, na usiseme utatoa kesho

Peleti nzuri zinaacha majivu kidogo sana, lakini kidogo kwa kidogo ndani ya kile kikombe kidogo kinajaa. Majivu yakiziba matundu hewa haipiti vizuri, moto unakuwa mvivu, kontrola inaona joto limeshuka inaongeza peleti, peleti zinarundikana juu ya majivu bila kuungua, baadaye zinashika zote kwa pamoja joto linaruka. Ukiangalia skrini utadhani kontrola imepagawa kumbe ni majivu ya wiki iliyopita. Na majivu yakifunika kile kijiti cha kuwashia, peleti mpya hazikigusi kabisa, moto hauwaki.

Utaratibu wangu: grili ikiwa imepoa kabisa, na nikisema kabisa namaanisha ni ya jana, natoa wavu, trei, na bati, navuta majivu ya kwenye kikombe na yaliyotapakaa sakafuni mwa grili kwa vakyumu ya majivu. Kama huna hiyo tumia brashi na kijiko cha bati, usitumie vakyumu ya ndani ya nyumba, kaa moja tu jekundu lililojificha humo linatosha kukuunguzia vakyumu na nyumba. Majivu unaweka kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko. Afu ingiza kidole kwenye kikombe, pitia matundu moja moja, yaliyoziba zibua kwa msumari au waya. Mara ngapi? Mi kila nikimaliza mapishi marefu ya usiku kucha, na kwa mapishi mafupi kila baada ya mara mbili tatu. Ukipika kwa peleti zinazotoa vumbi jingi, mara nyingi zaidi.

Ukiwa humo ndani ifute na sensa. Hii watu wanaisahau sana. Moshi na mafuta vinaganda juu yake kama koti, na sensa iliyovaa koti inachelewa kusikia joto, ikichelewa kusikia kontrola nayo inachelewa kuamua, na kuyumba kunaongezeka. Kitambaa chenye maji ya sabuni au siki, sugua taratibu mpaka chuma kionekane, kausha. Usiikwangue kwa kisu wala kuipinda.

Bati na trei ukivirudisha hakikisha vimekaa kwenye nafasi zake kabisa. Mimi niliwahi kurudisha bati limekaa upande kidogo, labda upana wa vidole viwili, siku nzima upande wa kulia unaunguza na wa kushoto nyama imelala tu, nikabadilisha mpaka peleti kabla ya kuinama na kutazama. Na ukitandika foili kwenye trei ibane vizuri kingo zake, isijitokeze ikaziba ile nafasi ya pembeni ambako joto linapandia, wala isiguse sensa.

Hatua ya 2: peleti

Hapa ndo penye mambo. Peleti ni unga wa mbao uliogandamizwa kwa nguvu mpaka ukashikana wenyewe, unene wake kama milimita 6, na adui yake ni maji. Sio lazima zinyeshewe, unyevu wa hewani tu wiki mbili tatu unazifanya ziwe laini, na peleti laini inaungua vibaya, joto lake dogo, moshi wake mchafu. Zikilowa kabisa zinavimba zinarudi kuwa unga, na unga huo ndani ya bomba la skrubu ukikauka unakuwa kama saruji, utaifungua mashine nzima kwa bisibisi ukilaani.

Jinsi ya kuzipima haina ufundi. Chukua moja, ivunje. Ikikatika kwa mlio, tap, ni kavu. Ikipinda kwanza ndo ikatike, au ikamumunyuka kwenye vidole, hiyo imeshaingia unyevu. Iangalie ngozi yake, peleti nzuri ina mng'ao kidogo, iliyochoka imepauka ina nyufa. Afu angalia chini ya mfuko kuna unga kiasi gani. Unga kidogo sio shida ila unga mwingi ukiingia kwenye kikombe unawaka kwa mpigo mmoja na kuzima, joto linapanda na kushuka kama homa. Mi peleti nazipitisha kwanza kwenye chekeche la matundu makubwa nikiona zina unga, inachukua dakika tano.

Zihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, ndani, sio mfuko uliofunguliwa ukakunjwa mdomo tu. Na kama hupiki tena ndani ya wiki moja, usiache peleti kwenye tangi la grili, zitoe. Tangi halizuii unyevu hata kidogo.

Usitumie peleti za stovu za kupashia nyumba hata kama ni rahisi. Zile hazikutengenezwa kwa chakula, zinaweza kuwa za mbao zenye utomvu mwingi au zilizochanganywa na vitu usivyotaka kula. Ukibadilisha aina ya mti pia tegemea tabia ibadilike kidogo, mti mmoja unaungua kwa joto kuliko mwingine na unaacha majivu tofauti, kontrola itazoea yenyewe ila mipigo ya kwanza utaona namba inacheza.

Afu kuna hili la pango, limenikesha usiku. Niliweka nyama kubwa jioni, tangi limejaa, joto limetulia 107 saa nne nzima, nikaenda kulala moyo mweupe. Saa nane usiku kengele ya kipimajoto inalia, naangalia, 62. Natoka na tochi, nafungua tangi, peleti zimo, zaidi ya nusu. Nikajua skrubu imekufa. Nikachukua mwiko nikaupenyeza katikati, mwiko ukazama puu, kumbe chini kulikuwa na shimo tupu, peleti za katikati zilishaliwa na skrubu zote na za pembeni zimeegemeana kama kuta za kichuguu hazidondoki. Skrubu ilikuwa inazunguka inasukuma hewa. Bahati yangu nyama yenyewe ndani ilikuwa bado iko juu ya digrii 60, nikasafisha kikombe nikawasha upya. Tangu siku hiyo kabla ya kulala naingiza mkono au mwiko kwenye tangi nazikoroga mpaka chini, na tangi nalijaza hata kama naona zinatosha. Kwa hesabu ya haraka, kwenye joto la chini grili ya kawaida inakula nusu kilo mpaka kilo moja kwa saa, ukienda juu ya 200 inaweza kufika kilo moja na nusu au zaidi, na baridi au upepo unaongeza. (Ukikoroga kwa mkono skrubu isiwe inazunguka, na ule wavu wa usalama kule chini ya tangi usiutoe.)

Hatua ya 3: mahali pa kuiweka

Upepo ni mbaya kuliko baridi. Baridi grili inaizoea, inakula peleti zaidi inatulia, lakini upepo unakuja unaondoka, unapulizia kwenye bomba la moshi, unachota joto ukutani, afu unakata ghafla joto linaruka. Iweke mahali ukuta au uzio unauzuia, bomba la moshi lisitazame upepo unakotoka, lakini iache mbali na ukuta wenyewe na kitu chochote kinachoshika moto. Usiipikie ndani wala kwenye kibaraza kilichofungwa, moshi wake una sumu inayoua kimya kimya kama ya mkaa.

Jua kali nalo lina ujanja wake, likipiga upande wenye sensa ile chuma inapata moto wa bure, grili inadhani imefika na kupunguza peleti, kwenye joto la chini utaiona tofauti. Mvua, linda tangi na soketi. Kwenye baridi kali blanketi la kuzuia joto lililotengenezwa kwa grili yako linasaidia sana, ila lisifunike bomba la moshi na ulitoe ukitaka kupika kwa joto kali.

Umeme: wakati wa kuwasha inavuta kama wati 200 mpaka 300 kwa ajili ya kile kijiti, baada ya hapo ni feni na mota tu, kidogo sana. Ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba inafanya kijiti kisipate nguvu ya kutosha, utaona inachelewa kuwaka au haiwaki kabisa. Tumia fupi, waya mnene.

Hatua ya 4: kuwasha bila haraka

Fuata kitabu cha mashine yako kuhusu mfuniko, nyingi za zamani zinawashwa mfuniko ukiwa wazi, nyingine mpya zinataka ufungwe, hapa usibishane na aliyeitengeneza. Kitakachotokea ni hiki: skrubu inaleta peleti kidogo, kijiti kinapata moto, unasikia feni, baada ya dakika nne tano moshi mweupe mzito unatoka, afu unasikia mngurumo mdogo kama mtu anapuliza kwenye bomba, na moshi unaanza kuwa mwepesi wa bluu. Huo mngurumo ndo moto umeshika. Ndo uweke namba unayotaka.

Ikigoma kuwaka usibonyeze washa tena na tena. Nisikilize hapa. Kila ukibonyeza inaongeza peleti kwenye kikombe, unajikuta una kilima cha peleti, kikija kushika kinashika kwa pamoja. Mi nilibonyeza mara tatu kwa sababu wageni walikuwa wameshafika, moshi ukatoka mwingi wa njano njano, nikasogea kuchungulia, mfuniko ukaruka na kujibamiza wenyewe, nywele za mkono zikaondoka. Ikishindwa mara moja zima, chomoa, subiri ipoe, toa peleti zote kwenye kikombe, anza upya. Dakika kumi na tano za kusubiri, wageni wape soda.

Ikishafika kwenye namba yako usiweke nyama papo hapo. Ipe dakika 15 nyingine, wavu na kuta za chuma zinywe joto. Chuma iliyoshiba joto ndo inayokusaidia ukifungua mfuniko. Grili za bati nyembamba zinahitaji hili zaidi, na kuna watu wanaweka matofali mawili safi makavu pembeni ya wavu ili yatunze joto, inafanya kazi ila zinachelewa zaidi kupata moto mwanzoni.

Hatua ya 5: pima mwenyewe, usiiamini skrini peke yake

Sensa iko ukutani, nyama iko katikati ya wavu. Tofauti ya digrii 10 kati ya hapo na hapo ni kawaida kabisa, na skrini nyingi zinalainisha namba ili usipate presha, kwa hiyo unachoona sio lazima kiwe ndo kilichopo.

Tafuta kipimajoto cha kidijitali chenye waya, kibane kwenye wavu, sentimita tano hivi kutoka kwenye nyama. Usikiweke juu ya kingo ya trei ambako joto linapandia wala kikigusa nyama, nyama baridi itakidanganya. Kipime kwanza chenyewe: kwenye glasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo kisome 0, kwenye maji yanayochemka 100, na kama unaishi milimani punguza digrii moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Afu iache grili tupu kwenye 110 kwa saa nzima, andika namba kila dakika tano, tafuta wastani. Wastani ukitoka 118 basi unajua grili yako inazidisha 8, kuanzia leo ukitaka 110 unaweka 102 na habari imeisha. Kontrola nyingine zina sehemu ya kurekebisha hiyo tofauti kwenye menyu.

Na kujua wapi panaunguza, panga vipande vya mkate wavu mzima, joto liwe kama 180, funga dakika kumi. Utakavyofungua utaona ramani yenyewe, hapa mweusi hapa mweupe. Piga picha uihifadhi.

Hatua ya 6: mikono mbali

Ukifungua mfuniko joto linaanguka, tuseme kutoka 110 mpaka 75. Kontrola haijui kwamba ni wewe umefungua, inajua moto unakufa, kwa hiyo inamwaga peleti. Wewe unafunga. Ukuta wa chuma bado una joto, hewa inarudi haraka, na zile peleti za ziada ndo kwanza zinashika. Joto linapanda 125, 130. Unaona 130 unashusha namba. Kontrola inakata peleti. Moto unanyong'onyea, linashuka 95. Unapandisha namba. Unaona ulivyojiingiza? Hapo unaweza kucheza mpaka asubuhi, na kila unachokifanya kinaonekana sahihi kwa dakika hiyo.

Sheria yangu nikishafungua na kufunga: dakika 20 sigusi kitu. Kama kuna kitu cha kufanya, kupaka, kugeuza, kuchoma kipimajoto, nafanya vyote kwa mpigo mmoja, vifaa viko mkononi kabla sijafungua. Na nyama ikiwa na kipimajoto chake ndani huna sababu ya kuchungulia, rangi utaiona ikiiva.

Kuna wakati nyama kubwa ikifika kama 65 mpaka 75 ndani inagoma kupanda, saa mbili, saa tatu, namba imekaa pale pale. Hapo watu wanailaumu grili. Sio grili, nyama inatoa jasho, na jasho likikauka linaipoza, inapoa kwa kasi ile ile inayopashwa. Jasho likipungua itapanda yenyewe. Ukiwa na haraka ifunge kwa foili au karatasi ya nyama, usikimbilie kubadilisha joto la grili.

Sufuria au trei kubwa inayofunika wavu mzima nayo inavuruga, hewa haizunguki, sensa inasoma kitu kingine kabisa. Acha nafasi pembeni pande zote.

Hiyo namba ya P

Kama kontrola yako ni ya zamani utakuta herufi P na namba. Inahusu hali ya moshi, ile ya joto la chini ambayo grili inafukisha nyama. Skrubu inazunguka kama sekunde 15 au 18, afu inapumzika, na kila ukipanda namba moja mapumziko yanaongezeka kama sekunde 10. Namba kubwa, peleti chache, joto la chini, moshi mwingi, lakini moto unaweza kuzima njiani. Namba ndogo, kinyume chake. Kiwandani mara nyingi wanaweka 2. Siku ya baridi au upepo shuka 1 au 0, siku ya joto panda 3, 4, nenda hatua moja moja na usubiri nusu saa kati ya hatua. Hali ya moshi inayumba kuliko zote na ndo inavyotakiwa, moto unaonyong'onyea ndo unaotoa moshi, kwa hiyo usiihukumu kwa hilo.

Bado inasumbua?

Joto linashuka halirudi: tangi kwanza, kuna pango au zimeisha? Afu sikiliza, skrubu inazunguka? Feni inapuliza? Peleti zinafika lakini haziungui, ni majivu au unyevu au feni imejaa vumbi. Skrubu imeganda wakati mota inahangaika, kuna unga uliokauka kwenye bomba.

Joto linapanda halishuki: angalia mafuta. Trei iliyojaa mafuta ikishika moto hiyo sio kontrola tena, ni moto wa mafuta, usifungue mfuniko, zima, acha ufungwe ukose hewa, na usimwage maji kamwe. Ndo maana ukitoka kupika nyama ya mafuta mengi kwa 110 usipandishe 230 hapo hapo bila kubadilisha foili. Kama hakuna mafuta, angalia mfuniko unafunga vizuri, ile kamba ya kuzuia joto pembezoni ikichakaa hewa ya ziada inaingia na moto unakuwa mkali.

Namba zinaruka kama kichaa, 90, 200, 40, ndani ya sekunde: hiyo haiwezekani kimwili, ni sensa imekufa au waya wake umelegea. Sensa ni kitu cha bei ndogo na inashikwa na skrubu ndogo mbili tu, unaibadilisha.

Kuzima

Zima kwa kitufe chake cha kuzima, usichomoe waya. Feni itaendelea dakika kumi hivi ikimalizia peleti zilizobaki kwenye kikombe. Ukichomoa moto unabaki bila feni, peleti zinafuka taratibu na moto unaweza kurudi nyuma kupitia kwenye skrubu mpaka kwenye tangi, na hata usiporudi, kesho unaanza na kikombe kilichojaa nusu ya peleti zilizoungua. Umeme ukikatika katikati ya mapishi, acha mfuniko umefungwa, ukirudi angalia kikombe kabla hujawasha. Na lile turubai la kufunikia, usilivalishe grili ikiwa bado ya moto, mvuke unaobaki humo chini ndo unaoenda kulowesha zile peleti ulizosahau kuzitoa.